Usikate Safu Dume

Mama mwenzangu uliye na miti miwili ya matunda ya safu kwenye parcelle ya nyumba yako, mmoja unazaa na mwingine hauzai, soma hii kabla hujashika panga. Mimi nilishika panga kwanza.

Miti yangu ilipandwa na marehemu mume wangu, Alphonse, kwa mbegu alizotoa kwao Yanonge, mwaka aliozaliwa mtoto wetu Jeancy. Mmoja ulitulisha sisi na majirani. Wa pili ulikua mrefu kuupita, ukachanua kila mwaka, nyuki wakaujaa mpaka tukasikia mvumo wao jikoni, kisha maua yakaanguka, basi. Jeancy aliupenda huo. Asubuhi nzima alikaa chini yake na simu, mtu wa miaka ishirini na minne, diplome kabatini, kazi hakuna.

Siku moja nilimwambia yeye na mti wake wako sawa, wanakula udongo tu, hawazai kitu. Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka. Wiki ile ile alipanda pikipiki kwenda Bafwasende kuchimba dhahabu. Mlangoni aliniambia, “Mama, safu ikiiva, nitakuya.”

Nilishikilia neno hilo. Mvua ikinyesha, nilijiuliza kama turubai lake linavuja. Habari ya shimo lililoporomoka ikifika sokoni, sikuweka simu chini mpaka apige. Nikawaza, mwaka huu safu ziwe nyingi, asipate sababu ya kubaki kule. Na ule mti mrefu si ndio ulikuwa unamnyima mwenzake jua? Nikaukata. Niliukata mwenyewe, donc sina wa kumlaumu.

Msimu ulipofika, mti uliobaki ulichanua vizuri. Baada ya siku chache maua yakaanza kuanguka, madogo, manjano ya kufifia, nikawa nayafagia kila asubuhi. Halikushika hata tunda moja.

Nikamwita tonton Zacharie, mdogo wa Alphonse, anayewatembeza wanafunzi wa chuo kikuu kwenye msitu wa Masako. Aliokota ua, akalipasua kwa ukucha, akanionyesha katikati yake kitumbo kidogo kama kichwa cha pini. Hicho ndicho kinachokua kuwa safu, alisema, lakini lazima kipate vumbi la njano la maua ya ule mti mwingine, na anayelibeba ni nyuki. Kisipolipata kinanyauka, na ua linaanguka. Kwenye avenue yetu hakuna safu nyingine. Akakitazama kisiki.

“Mama Jeancy, ulikata bwana yake.”

Nilikaa chini. Mwaka wa tano wa shule nilichora ua kwenye daftari, nikaandika étamine penye dume, nikaandika pistil penye jike, nikapata nane kwa kumi. Labda mwalimu alisema kwamba ni habari ya miti ya nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa natazama nje.

Kwenye mti uliosimama lilikuwa limebaki tawi moja upande wa choo, maua yake hayajafunguka. Kesho yake Zacharie alirudi kwa pikipiki, amekumbatia matawi ya safu dume kutoka Masako, yamejaa maua. Tuliyatia kwenye ndoo ya maji, tukaifunga juu mtini karibu na lile tawi. Jirani yangu Mama Kaswera, muuza maharage wa Butembo, akauliza juu ya ukuta kama siku hizi ninaozesha miti, na kama kwenye hiyo harusi kutakuwa na soda. Nikamwomba anyamaze, asinifukuzie nyuki. Siku tatu sikuwasha moto uani, kwa sababu ya moshi. Tulikula vya baridi.

Tawi lilishika safu saba.

Jeancy alipiga simu zikiwa bado nyekundu, hazijaiva, akauliza safu iko aje. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia zinavunja matawi. Badala yake nikamweleza yote, panga, kisiki, ndoo. Na lile neno nililosema nikicheka, nikamwambia nilikosea kulisema. Nyuma yake nilisikia mashine inavuta maji.

“Iko ngapi?”

“Saba.”

“Usikule, Mama. Unichungie.”

Ndege wamekwisha kuchukua mbili. Tano nimezifunika kwa kipande cha mosikitèri, chandarua cha mbu. Kisiki nacho kimechipua, nimekizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, ingawa Zacharie anasema maua yake tutayangoja miaka. Wewe ambaye mti wako bado umesimama, toka asubuhi maua yakifunguka, utazame nyuki wanatoka wapi na wanaenda wapi, kabla ya kusema mti fulani hauna kazi.

Leo moja imeanza kugeuka bluu upande wa jua. Safu ikiiva haikawii kudondoka. Maji ya kuchemsha ili kuzilainishia nimeshateka, na kila pikipiki inapopunguza mwendo kwenye avenue yetu, ufagio unasimama mkononi.