Jiwe la Mama Yao

Siku binti wa mchonga mawe ya makaburi alipoleta habari nyumbani kwamba amekubaliwa chuo kikuu kusomea dini za dunia, baba yake aliweka patasi chini, akajifuta vumbi usoni kwa kiganja, akauliza, "Zote?"

"Zote, Baba. Yaani zile kubwa kubwa, na ndogo baadhi."

"Na hii yako ina kasoro gani?"

Mama mtu alicheka kutoka jikoni mpaka akapaliwa. Shangazi mtu, aliyekuja kusalimia tu, alitaka kujua kama mtoto akihitimu atakuwa padri au shehe, maana yeye hana kofia ya kumpa. Ndipo mama akasema mwacheni Profesa wangu asome, na jina likamganda. Mpaka wauza mkaa wa mtaa ule wakawa wanamwita Profesa.

Baba hakumzuia, ila hakulimeza vizuri lile jambo. Watu wakimuuliza binti anasomea nini, alikuwa akisema, "Yuko chuoni," halafu anageuza mazungumzo.

Mwaka wa tatu, wakati wa likizo, Profesa alikuwa akimsaidia baba yake kwenye karakana nyuma ya nyumba. Ilikuwa ni paa la mabati juu ya nguzo sita, na vumbi jeupe lililotua kila mahali, hata kwenye chai. Hati yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuchora herufi juu ya jiwe kwa penseli na rula. Baba alifuata nyuma na patasi.

Asubuhi moja walikuja mtu na dada yake. Kaka alikuwa dereva wa lori, mwanamume wa mabega mapana asiyejua mikono yake aiweke wapi. Dada alikuwa mkunga, bado amevaa sare, ametoka zamu. Waliketi kwenye benchi moja wakaacha nafasi katikati ya kumtosha mtu wa tatu. Mama yao alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na walikuja kutengeneza jiwe lake.

Rangi ya jiwe walikubaliana. Mengine yote, hapana.

"Msalaba," alisema kaka. "Hapa juu, katikati."

"Mama yangu alikuwa Mwislamu," alisema dada. "Jiwe la kawaida, lisilo na mapambo. Jina lake na dua fupi."

"Mama yako tu?"

Ilikuwa hivi: marehemu alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akaolewa na Mkristo. Kaka alilelewa na baba yake, akabatizwa. Dada alipelekwa mdogo kwa bibi mzaa mama, akasoma madrasa. Mume alipokufa, mama yule aliishi miaka mingi peke yake, na kila mmoja wa watoto alikuwa na hakika mama ni wa upande wake. Siku ya maziko, katika makaburi ya manispaa, mvua ilinyesha vibaya sana. Pande zote mbili ziliomba haraka haraka chini ya miavuli, na hakuna aliyepata nafasi ya kubishana. Mabishano yalisubiri jua litoke.

Mchonga mawe alikuwa akiwachongea watu wa kila dini, lakini hakuwahi kugusa jiwe kabla wenyewe hawajawa na kauli moja. Jiwe halifutiki kama ubao. Akakuna kichwa, kisha akasema jambo ambalo Profesa hakulitegemea kabisa.

"Huyu binti yangu anasomea dini chuo kikuu. Labda atatusaidia."

Moyo ulimruka kwa furaha. Miaka mitatu baba hajalitamka neno hilo mbele ya wateja! Akasimama, penseli bado iko sikioni, akaanza. Aliwaeleza alama za makaburi zilivyoanza, kwa nini wengine hupenda kaburi lisilo na urembo, kwa nini wengine huweka majina na wengine hawaweki, wapi wanachoma maiti na wapi hawachomi. Alisema vizuri, bila kubabaika, kama mtu anayetafuta alama za juu.

Mkunga alimtazama mpaka akanyamaza.

"Mdogo wangu," alisema, "hatukuja darasani. Tumefiwa."

Waliondoka bila kuagiza kitu. Profesa alibaki amesimama, uso unamuwaka. Baba hakumgombeza. Aliwasha mashine ya kukatia mawe, na kwa mara ya kwanza maishani binti yake akaushukuru ule mlio.

Siku nzima hakula vizuri. Kilichomkera zaidi ni kwamba alikuwa anajua. Muhula uliopita yeye na wenzake walipelekwa kuketi katika nyumba za ibada zisizo zao, na mhadhiri wao, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, aliwaonya wazi: msiende kueleza, nendeni kuuliza. Na msiulize watu wanaamini nini, maana hapo watawasomea yale waliyokaririshwa. Waulizeni wanafanya nini. Profesa alipata alama nzuri sana katika somo hilo. Sasa alipoletewa watu wawili wenye msiba, alikuwa amewahutubia.

Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda kwenye nyumba ya marehemu, alikoambiwa na mama yake kwamba wale ndugu wanagawa vitu. Aliwakuta katika chumba cha kulala. Godoro lilikuwa limeinuliwa limeegemezwa ukutani, nguo zimefungwa mafurushi, na kaka alikuwa juu ya stuli anafungua pazia.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema mlangoni. "Nilisema sana. Mlikuwa na uchungu na mimi nikajionyesha."

Mkunga alimtazama, kisha akasogeza furushi moja. "Kaa."

Alikaa. Akawasaidia kukunja mashuka. Baada ya muda mrefu ndipo akauliza, "Alikuwa akifanyaje, mama yenu? Siku ya ibada."

Kaka alijibu wa kwanza, akiwa bado juu ya stuli. "Nikiwa sina safari, Jumapili alikuwa anakuja nami kanisani. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Haimbi. Ananishika bega wakati wa sala, hivi." Akajishika bega mwenyewe.

"Na ukiwa safarini?"

"Ah. Hapo sijui."

"Haendi," alisema dada yake taratibu. "Ukiwa safarini hatoki. Nilikuwa namkuta anafua." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi kila Ramadhani nilikuwa nahamia hapa. Ananiamsha kula daku, anakaa nami mpaka adhana. Nikisali, anatandika mswala wake nyuma yangu."

"Ukirudi kwako?" aliuliza kaka.

Mkunga alilaza shuka juu ya furushi. "Ule mswala niliununua mimi. Juzi nimeutoa kabatini. Bado mpya."

Kaka alishuka kwenye stuli. "Kwa hiyo alikuwa anatudanganya? Miaka yote hiyo?" Sauti yake ilikuwa kubwa kwa chumba kile. Akamgeukia Profesa. "Wewe si ndiye unasomea? Alikuwa nini?"

Profesa aliweka shuka chini. Majibu aliyokuwa nayo kichwani yalikuwa mengi, na yote yalikuwa na maneno marefu. "Sijui, kaka yangu," alisema. "Sikumjua. Na ningemjua, nadhani bado nisingejua."

Dereva alitoka nje. Walimsikia anafungua mlango wa lori, anaufunga kwa kishindo. Mkunga aliendelea kukunja, machozi yanamdondoka juu ya mashuka naye hayafuti.

"Alikuwa anatusindikiza tu," alisema. "Kila mtu anamsindikiza mpaka mlangoni kwake."

Kaka alikuwa amerudi, amesimama kizingitini, macho mekundu. "Andikeni hilo," alisema.

"Lipi?"

"Hilo ulilosema sasa hivi. Jina lake, miaka yake, na hilo. Msalaba basi. Na dua yako nayo basi."

Mkunga alifungua kinywa kubisha, kisha akaitikia kwa kichwa. Haikuwa rahisi kwake, na Profesa aliona. Wala kaka mtu hakuonekana kama mtu aliyeshinda kitu.

Jioni ile Profesa alichora herufi: ALITUSINDIKIZA. Baba alizitazama muda mrefu, akapiga patasi ya kwanza. Katikati ya neno alisimama kupumzisha mkono, akauliza bila kumtazama, "Ukiyajua hayo yote, mama, bado unasali?"

Alitamani kumpa jibu la kumfurahisha, akaona baba hastahili kudanganywa. "Nasali, Baba. Ila polepole kuliko zamani. Kuna maneno nikifika nasimama kwanza."

Baba alipuliza vumbi kwenye herufi. "Kusimama si vibaya," alisema, akaendelea na kazi.

Jiwe lilisimamishwa Jumamosi, kukiwa na jua. Dereva mwenyewe alilibeba kwenye lori na kukoroga saruji, na mkunga akashika pimamaji, akimwamuru kaka yake kushoto kidogo, kushoto, umezidisha, mpaka wote wawili wakacheka. Kisha wakasimama kuomba, kila mmoja kwa namna yake, dada amekunjua viganja, kaka ameinamisha kichwa.

Profesa na baba yake walirudi nyuma hadi getini kuwapisha.

"Unadhani nani atamaliza kwanza?" baba alinong'ona.

"Baba!"

"Nauliza tu. Si wewe mtaalamu?"

Dada alimaliza kwanza. Alisubiri, mikono nyuma, akitazama miti, mpaka kaka yake alipoinua kichwa, kisha wakaja pamoja kukusanya vyombo vya saruji.