Miche ya Kupeleka Mlimani

Watu walimwita Bibi Miche, ingawa hata mvi moja hakuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyejua kuotesha miche ya nyanya kama yeye. Asubuhi ile mdogo wake aliteremka kutoka mlimani kuchukua miche ya shamba lake la kwanza. Alimkuta dada mtu ameinama juu ya trei, kashika jani kalielekeza kwenye mwanga, hata salamu haitikii.

Ndani ya jani kulikuwa na kijistari cheupe kilichopindapinda. Mwisho wa kijistari alikuwepo funza mdogo, anakula taratibu kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

"Ndiye huyu," alisema Bibi Miche. "Anachimba jani kwa ndani, dawa haimpati. Leo huondoki na mche hata mmoja."

"Dada, acha utani! Shamba liko tayari, mvua imeshaanza. Na huyo ni mdudu wa joto. Akifika kwetu, baridi itamkomesha."

"Baridi ipi? Wewe mwenyewe umeshuka bila sweta."

Mdogo wake alijitazama mikono. Machozi yakamlengalenga, maana shamba lile alilililia tangu aolewe. Bibi Miche roho ilimuuma, lakini hakulegeza kamba. Wakaanza kung'oa pamoja, wakishindilia miche kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga kabisa, jua liwamalize funza waliomo.

Kazi ilipokaribia kwisha, mdogo mtu akasimama ghafla. "Na ile uliyompelekea mama?"

Bibi Miche aliuacha mfuko aliokuwa akiufunga. Hakuwahi kwenda kwa mama yao mikono mitupu, na safari iliyopita alikuwa amemchagulia miche minono kuliko yote. Alioga, akabadili nguo na viatu asije akambeba tena yule mdudu, wakashika njia.

Mama yao aliwapokea kwa furaha. Hata kukaa hakuwakaribisha, akawavuta moja kwa moja hadi nyuma ya jiko.

"Njooni muone! Mwanangu, mbegu ya safari hii kiboko. Tazama majani yalivyojichora marembo meupe!"

Kila jani lilikuwa na michirizi. Bibi Miche alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, hayo si marembo. Ni mdudu, na nimekuletea mimi. Itabidi tuing'oe yote."

Mama aliugusa mche mmoja, kisha akageuka kuutazama mteremko mzima uliojaa bustani za majirani.

"Sasa itakuwaje?" alisema polepole. "Kila aliyepita hapa akayasifu, nilimkatia chipukizi akapande. Nilijidai kweli. Nikawaambia, hii kazi ya mwanangu."

Bibi Miche alimshika mkono.

"Twende, mama," alisema. "Tuanze na nani?"