Saleha Hapewi Viza

Haiming alitoka alfajiri kwenda London kumwombea binti yao viza ya China, akarudi jioni bila viza. Alivua viatu mlangoni, akaiweka pasi ya mtoto juu ya meza, pasi nyekundu ya Kiingereza, akakaa bila kuomba chai. Maisara alikuwa akimmenyea Saleha chungwa. Alipomtazama mumewe usoni akajua kuna jambo.

"Wamekataa," Haiming alisema. "Si kwa ubaya. Wanasema mtoto wa Kichina hawezi kupewa viza ya kuingilia kwao."

"Mtoto wa Kichina yupi?"

"Huyu Saleha."

Walizungumza Kiingereza, lugha ambayo hapana kati yao aliyezaliwa nayo. Maisara alikuja Birmingham kutoka Unguja akiwa na miaka tisa, akalelewa Sparkhill na shangazi yake, akapata uraia. Haiming, Muislamu wa Lanzhou, mtoto wa Waislamu tangu mababu, alikuja kusomea shahada ya udaktari katika elimu ya vyuma, na mpaka mwaka huo wa 2006 alikuwa bado anaishi kwa viza ya mwanafunzi. Hiyo viza yake ndiyo iliyoleta mambo. Kwa kuwa hakuwa na ukaazi wa kudumu Uingereza siku Saleha alipozaliwa, alieleza, sheria ya kwao ilimhesabu mtoto kuwa Mchina, hata kama mama yake ni raia wa Uingereza na yeye mwenyewe ana pasi ya Uingereza. Viza hapewi. Anapewa kijitabu kingine, hati ya safari, na hicho ndicho cha kuingilia China na kutokea.

"Na pasi yake hii?"

"Itakaa mkobani. Ataitumia kurudia huku."

"Kule haina kazi?"

"Kule watamwona Mchina tu."

"Na likitokea jambo kule, mimi nikaenda kulia kwa Waingereza, wataniambia nini?"

Haiming alijifikicha macho. "Likitokea jambo gani, Maisara?"

Maisara aliendelea kumenya chungwa ambalo lilikuwa limekwisha menywa.

Mpango wa safari walikuwa wameupanga pamoja. Mama yake Haiming alikuwa na maradhi ya figo na hajapata kumwona mjukuu wake ila kwa picha. Haiming na Saleha wangekwenda wawili, wakae wiki sita za kiangazi, kwa sababu Maisara asingepata likizo ndefu kwenye duka la nguo la Stratford Road alikofanya kazi. Aliukubali mpango huo kwa moyo mkunjufu. Sasa aliutazama upya, na kila upande alioutazama haukumpendeza.

"Wanataka saini za wazazi wote wawili," Haiming alisema. "Twende Alhamisi?"

"Tutaona," alisema Maisara.

Kesho yake alipotoka kazini alipitia kwa Shangazi Kijakazi, aliyekaa mtaa wa pili. Bi Kijakazi alikuwa anachambua mchele, miwani imemshukia puani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hivyo mtoto ataondoka hapa Mwingereza, akishuka ndege kule awe Mchina," alisema.

"Ndiyo anavyosema."

"Anavyosema yeye. Wewe umemsikia mwengine akisema?"

"Sijamsikia."

"Mimi mkwe wangu simsemi vibaya. Ananisalimia vizuri, anakula chakula changu. Lakini mwanamme akiwa kwao, na mama yake mgonjwa, na mtoto yuko mkononi mwake, na wewe uko huku unauza magauni..." Hakuimaliza. Aliokota kijiwe kwenye ungo akakitupa. "Usitie saini mpaka ujue."

Siku ya pili kazini, wakati wa mapumziko ya mchana, Maisara akapiga simu ubalozi wa China mwenyewe. Alisubiri sana, kisha mwanamke mwenye sauti ya upole akamwambia yale yale aliyoyasema Haiming, neno kwa neno. Hilo lilitakiwa limpoze, na halikumpoza. Maana alichokuwa akikiogopa hakikuwa sheria. Sheria sasa aliijua. Alichokuwa hakijui ni nia ya mumewe, na hiyo hapana ofisi ya kuipigia simu.

Akaanza kuchunguza. Alifungua sanduku la safari ambalo Haiming alikwisha kuanza kulipakia, akakuta koti la baridi la mtoto, jipya, limekunjwa chini kabisa. Safari ilikuwa ya Julai. Alilitandaza kitandani. Saleha alikuwa na miaka minne, na koti lile lingemtosha mtoto wa miaka sita.

"Lilikuwa limepunguzwa bei," Haiming alisema alipoulizwa. "Watoto wanakua."

"Wanakua wakiwa wapi?"

Alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Hapa. Kule. Popote. Ni koti, Maisara."

Kila Jumamosi asubuhi, ambayo Lanzhou huwa ni jioni, Haiming alimpigia mama yake simu, na Saleha akapewa zamu yake. Mtoto alikipata Kichina cha baba yake tangu akiwa mchanga, kama alivyokipata Kiswahili cha mama yake, ingawa ukimsemesha Kiswahili alijibu Kiingereza. Jumamosi ile Maisara hakwenda jikoni kama kawaida yake. Alikaa sebuleni anapiga pasi nguo, masikio yote yako kwenye simu. Hakuelewa hata neno. Aliposhuka Saleha kwenye kiti alimvuta kando.

"Bibi kakwambia nini, mwanangu?"

"Amesema nitakwenda skuli na Meimei," Saleha alijibu kwa Kiingereza chake cha Sparkhill. Meimei alikuwa binti wa kaka yake Haiming.

"Skuli ya wapi?"

"Ya kwa Bibi. Ina bembea."

Maisara aliiweka pasi ya moto wima, akaizima. Siku hiyo hiyo alasiri aliitoa pasi ya Saleha kwenye droo, akaitia ndani ya mfuko wa khanga, akaipeleka kwa Bi Kijakazi. Bi Kijakazi aliipokea bila kuuliza swali.

Haiming aligundua siku ya Jumatatu. Alipekua droo, akapekua kabati, akapekua mifuko ya makoti yake yote. "Umeiona pasi ya Saleha?"

"Sijui iko wapi," Maisara alisema, mgongo umemwelekea, anaosha vyombo.

Alisimama nyuma yake muda mrefu. Akaenda kupekua gari.

Kwa siku kadhaa walikaa hivyo, wanapishana ndani ya nyumba ndogo kama wapangaji. Mmoja akiingia chumbani mwengine anatafuta shughuli ya kutokea. Haiming alikuwa akiulizia ubalozini na ofisi ya pasi ni vipi kuchukua pasi nyengine, na Maisara alimsikia kwenye simu akieleza kwa adabu kwamba imepotea, labda kwenye basi. Aliona haya. Hata hivyo haya haikumfanya akaseme kweli.

Katika nasari, skuli ya watoto wadogo aliyosomea Saleha, kulikuwa na mama mmoja wa Hong Kong, Bi Fong, ambaye walizoea kusimama pamoja getini wakisubiri watoto. Maisara alimkaribisha chai, Jumamosi asubuhi, aje na mwanawe acheze. Hakumwambia kwa nini Jumamosi, wala kwa nini asubuhi. Alimkalisha kwenye kochi lililo karibu na mlango wa chumba cha pili, akampa mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Punde Haiming akapiga simu yake upande wa pili wa mlango, na sauti ya mama yake ikasikika kwenye spika ya simu, nyembamba na ndefu.

Maisara alingoja kidogo. Kisha akainama. "Wanasema nini?" alinong'ona.

Bi Fong aliacha kutafuna. Alimtazama, akautazama mlango, na Maisara akaona uso wa mgeni wake unabadilika polepole.

"Ndiyo maana umeniita?"

"Nakuomba. Ni kwa ajili ya mtoto."

Bi Fong akasikiliza, bila kupenda, kikombe kimesimama hewani. "Lafudhi yao ngumu kwangu," alisema. "Mama anasema mtoto abaki kule miaka miwili. Mpaka baba yake amalize masomo. Anasema nyinyi mnafanya kazi sana, nani anamlea. Anasema skuli imekubali."

"Na yeye anajibu nini?"

"Anaguna tu. Mm. Mm."

"Maana yake anakubali?"

"Maana yake anaguna." Bi Fong aliweka kikombe, akamwita mwanawe, akaanza kumvisha viatu. Mlangoni alisema, bila hasira, "Usiniite tena kwa jambo kama hili." Tangu siku hiyo getini akawa anasimama upande mwengine.

Haiming alipotoka chumbani alimkuta mkewe amesimama katikati ya sebule.

"Miaka miwili," Maisara alisema. "Na skuli ishapatikana. Na koti unalo."

Haiming alikitazama kikombe cha Bi Fong, akaelewa. Alikaa kochini, pale pale alipokuwa amekaa mgeni.

"Nilikuwa nakusudia kumwambia hapana," alisema.

"Lini?"

"Nikifika. Uso kwa uso. Mama yangu ni mgonjwa, Maisara, na tangu nizaliwe sijamwambia hapana. Sijui inasemwa vipi."

"Na ungefika, ukamwona kitandani, akalia, ungeiweza?"

Maisara alimwona akiitafuta kweli, na akaiona inamfikia.

"Sina hakika," alisema Haiming.

Hilo ndilo jambo ambalo Maisara alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote. Alitegemea akane, na alijitayarisha kwa hilo. Hakujitayarisha kwa mtu mkweli aliyeinamisha kichwa.

"Basi mwambie sasa," alisema. "Mimi nikiwepo."

Haiming alipiga tena. Alizungumza kwa sauti ndogo, akisita, akirudia. Bibi aliuliza kitu kimoja kifupi, Haiming akajibu, na simu ikakatwa. Maisara hakuelewa kilichosemwa, na kwa kitambo kidogo alifikiri, labda hakusema. Labda amesema jengine. Lakini Saleha alikuwa amekuja kusimama mlangoni na mwanasesere wake, na midomo inamcheza.

"Baba amesema sitakwenda skuli ya bembea," alisema, akaanza kulia.

Maisara alimbeba. Akamwambia mumewe, kwa Kiingereza na bila kumtazama, kwamba pasi iko kwa Shangazi. Haiming hakupaza sauti. "Nilipekua hadi mapipa ya taka ya chuo," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango.

Walikwenda London wote watatu. Maisara alitia saini ya hati ya safari ya mtoto, kisha akapanga mstari mwengine kuomba viza yake mwenyewe, maana alikwisha kusema hataruhusu waende bila yeye. Bosi wake dukani, Bi Narinder, alimpa wiki tatu kwa kununa. Wiki sita zikawa tatu.

Lanzhou, mama yake Haiming aliwapokea mlangoni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani na uso uliovimba kwa maradhi. Alimshika Maisara vifundo vya mikono, akamtazama sana, akamwachia. Alikuwa ametandika kitanda kidogo pembeni mwa chake. Hapana aliyelitaja neno la kubaki. Maisara alikivaa kifuko shingoni, ndani ya nguo, pasi na hati zimo humo, akawa anakula nacho, anasali nacho, analala nacho. Bibi aliona. Siku moja alikigusa kwa ncha ya kidole, juu ya nguo, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei.

Siku mbili kabla ya kuondoka aliwachukua wakaenda kwa miguu, pole pole, mpaka kwenye ua wa skuli nyuma ya nyumba. Watoto walikuwa wakiimba. Bibi alishika nondo za ua akasema maneno machache.

"Amesema nini?" Maisara aliuliza.

"Amesema angekuwa anakuja kusimama hapa kila siku, kumngoja."

Uwanja wa ndege ofisa kijana aliifungua hati ya Saleha, akaitazama pasi yake nyekundu, akarudi kwenye hati. Akamuuliza Haiming, Haiming akajibu. Akamuuliza tena. Maisara aliubana mkono wa mwanawe mpaka mtoto akalalamika. Ofisa aligonga muhuri, wakapita.

Masika ya mwaka uliofuata kaka yake Haiming alipiga simu kusema hali ya mama imekuwa mbaya, aje haraka. Maisara alikuwa jikoni. Alikaa na habari hiyo kidogo, kisha akaenda chumbani alikokuwa mumewe anapakia nguo.

"Mchukue Saleha," alisema. "Hati yake bado haijamaliza muda. Nendeni wawili."

Haiming aliinua uso. Alimtazama muda mrefu, na Maisara akayatambua yale macho, kwani yalikuwa yake mwenyewe ya mwaka uliopita.

"Unasema kweli," aliuliza, "au unanijaribu?"

Alitaka kumjibu mara moja. Kuchelewa kwake kulikuwa kudogo, kama pumzi mbili, lakini Haiming alikusikia. Alikunja shati la mwisho akalifunga sanduku.

Alikwenda peke yake. Alimkuta mama yake yu hai, akakaa naye siku nne, akamzika, akarudi Birmingham akiwa amekonda.