Ulanzi wa Marehemu Urban

Mwaka sabini na nne, masika yalipokolea kwenye vilima vya Mkumbi, Hilari alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne na tayari ni mjumbe wa nyumba kumi. Alijua kusema mbele ya watu, na alijua kwamba anajua. Alhamisi ile Katibu Kata alipotangaza kwamba kufikia Jumamosi wote wawe wamehamia kijiji cha ujamaa kule barabarani, Hilari alikuwa wa kwanza kusimama.

"Tuanze na kwangu! Mianzi ya marehemu baba ikatwe kesho, ijenge ofisi ya kijiji!"

Makofi yakalia. Baba yake mdogo, Eusebius, hakupiga.

Mzee Urban alikuwa amezikwa wiki tatu tu zilizopita, na alikufa hasemi na mwanawe. Alikuwa amekataa kuziacha ngoro zake, yale mashimo ya kulimia aliyoyachimba mlimani tangu ujana, na Hilari akamwita adui wa maendeleo mbele ya wageni. Katika ukoo wao, ugomvi na marehemu ulikuwa na njia moja ya kwisha. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha, aliyegombana naye hunywa ulanzi, pombe ya maji ya mianzi, uliogemwa kwenye mianzi aliyoipanda marehemu mwenyewe, ukakaa siku tatu ukawa mkali. Akinywa, yamekwisha. Asipokunywa, atazeeka nayo.

Hilari aliyaita hayo mambo ya wazee. Lakini Ijumaa jioni aliporudi nyumbani alimkuta mama yake, Theodosia, ameketi juu ya rundo la mianzi iliyokatwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. "Nani aliwatuma vijana?"

"Mimi."

"Nilikuwa nagema machipukizi saba. Asubuhi na jioni, na mguu huu mbovu. Ulidhani nawagemea akina nani? Mimi sikugombana na mume wangu."

Hilari akainama, akaanza kuhesabu ncha zilizokatwa.

Jumamosi asubuhi ndugu walikusanyika kaburini. Ulikuwa umebaki ulanzi wa mbeta moja, pingili ya mwanzi iliyoning'inizwa chini ya paa, nao haukujaza hata kikombe. Theodosia alimpa Eusebius, aliyekuwa amegombea mpaka wa shamba na kaka yake miaka kumi.

"Kaka, mpaka ule chukua," Eusebius alisema. "Mimi nahamishwa, wewe wamekusahau."

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Akanywa, akamaliza. Hilari alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Baba mdogo, hata tone."

Eusebius aliipindua mbeta. Haikutoka kitu. "Mheshimiwa mjumbe, kaombe ofisini. Si itajengwa kwa ulanzi wako?"

Hapo hakucheka mtu.

Hilari alishuka kwenye visiki vya mianzi ya baba yake. Alipekua majani kwa mikono miwili mpaka akaona chipukizi moja, la kimo cha goti, ambalo mapanga ya vijana yalilipita. Akalikata ncha. Maji yakachuruzika, akayalamba. Matamu, kama ya kuwapa watoto. Yalitaka siku tatu, na chipukizi lilitaka kukatwa upya kila asubuhi na kila jioni, la sivyo lingekauka. Na kule barabarani palikuwa mwendo wa saa nne.

Trekta lilipiga honi. Kwenye mparachichi wa njiani kilining'inia kibao alichokiandika kwa mkono wake: ATAKAYEONEKANA KWENYE MAHAME ATASHTAKIWA. MJUMBE.

"Mjumbe!" Katibu, mtu wa Tanga asiyejua ulanzi wala mbeta, aliita kutoka juu ya tela. "Panda mbele, watu wakuone!"

Theodosia alikuwa ameshapakiwa, amekumbatia chungu. Alimtazama mwanawe.

Hilari alichukua ile mbeta tupu, akaifunga kwenye chipukizi, akakaza kamba.

"Nendeni," alisema. "Jioni nina kazi."

"Kazi gani huku? Huku hakuna mtu tena!"

Hilari aliketi karibu na kisiki, akasikiliza tone la kwanza likigonga chini ya mbeta. Trekta likaondoka na watu wake, na kibao cha mjumbe kikabaki kinamwelekea mjumbe mwenyewe.