Jodari wa Tangi la Reli

Fikirini alikaanga na kuuza samaki mtaa wa Gerezani, na majirani walikuwa na hakika kwamba moshi wa karai ulishampanda kichwani. Mtu mzima na akili zake, anafuga jodari! Tena uani kwake, ndani ya tangi la duara la garimoshi walilolitupa watu wa reli.

Lakini mwenyewe alijua alifanyalo. Jodari hapumziki, akiacha kuogelea anakufa, na ukimtia penye pembe atajigonga. Ndiyo maana akalitaka tangi lile. Miaka miwili samaki wake wawili, aliowaamini kuwa mke na mume, walizunguka humo wakifakamia dagaa, na kila wiki alisukuma mkokoteni hadi Feri kuwachotea maji ya bahari. Maji hayo aliyaonea uchungu, hata tone hakutaka lipotee.

Shida ilikuwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Polycarp, Mchaga wa Kibosho asiyemwelewa samaki ambaye hayuko kwenye sahani. Kamati ya mtaa iliukubali ufugaji huo uwe mradi wa wote, kwa sharti moja: wazae kabla ya Saba Saba ya mwaka huo wa sabini na tatu. Wasipozaa, waliwe kwenye sherehe. Fikirini alikubali shingo upande, maana alishawapenda.

Mwishoni mwa Juni, asubuhi moja, alikuta utando unang'aa juu ya maji. Gerezani kuna gereji kila hatua. Kinachong'aa juu ya maji ni oili, nani asiyejua?

"Gaudens! Umenichafulia tangi!" alimfokea fundi wa gereji ya jirani kupitia juu ya ukuta.

"Mimi? Haki ya Mungu, kaka, wiki nzima sijaiona oili. Oili yenyewe iko wapi mjini?"

"Kwa hiyo imeshuka kutoka mbinguni?"

Akauengua utando kwa kata. Kumwaga hakuweza, yale maji ya Feri! Akayatia kwenye pipa kivulini, oili itengane kwanza. Kesho yake utando ukarudi, na keshokutwa. Kila asubuhi alichota, na kila asubuhi Gaudens alipata fungu lake la matusi.

Saba Saba ikafika. Mzee Polycarp akaingia uani, kisu kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamezaa?"

"Bado."

"Pole, ndugu yangu. Lakini tulikubaliana, na sufuria ziko motoni." Mzee akachomoa kisu, akakunja suruali aingie tangini, lakini alipopita penye pipa akachungulia, akaruka nyuma. "Viluwiluwi! Redio inatupigia kelele za afya kila siku, wewe unafuga mbu? Pindua hilo pipa sasa hivi!"

Fikirini hakuwa na nguvu ya kubishana. Akalishika pipa, akaanza kuliinamisha.

"Hebu acha!" Mkewe, Kuruthumu, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, si maji ya Feri hayo?"

"Ndiyo," alijibu mumewe.

"Sasa tangu lini viluwiluwi wakakaa kwenye maji ya chumvi?"

Wote watatu wakainama, vichwa vikagongana. Vile vitu vilikuwa vidogo kuliko punje ya mchele, karibu vyote macho matupu. Havikuning'inia kichwa chini kama watoto wa mbu. Vilizunguka, vyote upande mmoja, vikilifuata duara la pipa bila kupumzika.

Fikirini akalia waziwazi, mbele ya balozi. Mayai! Siku zote hizo alikuwa akiengua mayai ya jodari.

Mzee Polycarp alikirudisha kisu kwapani, akajikuna shingo. "Na watu watakula nini?"

"Maharage, mzee," alisema Kuruthumu.

Fikirini hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda mbio hadi gereji ya jirani, ambako miguu ya Gaudens ilichomoza chini ya lori. Kutoka huko chini, fundi alivitambua viatu vya Fikirini vilivyolowa.

"Si mimi!" alipiga kelele kabla hajasalimiwa.

"Najua," alisema Fikirini, akapiga magoti kwenye oili. "Nisamehe, ndugu yangu. Toka uje uwaone wanangu."