Kelele za Magunia

Pamba ilikuwa ya hospitali. Mafundi wa studio walikuwa wameifunga kwa uzi kwenye vijiti, mistari kumi na miwili, chini ya taa zilizowatoa waimbaji jasho kabla hawajafungua vinywa. Ulikuwa mwaka 1929, Los Angeles. Sinema zilikuwa zimeanza kusema, kwa hiyo watumwa wa kwenye filamu nao walitakiwa kuimba.

Verlene Tolliver, wa kwaya ya Wabaptisti wa Central Avenue, alikuwa amepewa ubeti wa peke yake. Kamera ingemsogelea mpaka usoni. Katika kwaya ile hakuna aliyewahi kulipata hilo.

Siku ya pili fundi wa sauti alitoka kibandani akalalamika kwamba magunia ya kuchumia, yanayoburutwa kwa ukanda wa begani, yanakwaruza sakafu, na maikrofoni inayanasa kuliko wimbo. Mwongozaji, Bwana Kessler, akaamuru yavuliwe.

"Tukishachuma tunaweka wapi?" aliuliza Hosea, mwimbaji wa besi. "Mfukoni?"

"Itafune, kaka," mwenzake akamjibu. "Chakula chenyewe kimechelewa."

Kicheko kilimfikia Kessler. Alikuwa amesikia kwamba baba yake Verlene alizaliwa utumwani Mississippi, akamgeukia.

"Verlene, yupo mtu atakayegundua?"

Alimjua mmoja. Bega la kulia la mzee Ezra, baba yake, lilikuwa chini kuliko la kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Ukanda wa gunia ulilikalia tangu utotoni, na uhuru ulipokuja haukuuondoa. Verlene alijua pia kwamba ubeti aliopewa asubuhi ungeweza kuwa wa mwingine jioni. Mtaka cha mvunguni huinama, na si lazima mgongo ndio uiname.

"Hakuna, bwana," akasema.

Kisha akaimba, na aliimba vizuri kuliko siku yoyote kabla ya hapo.

Filamu ilipofika Central Avenue, kwaya nzima ilikaa safu za mbele. Ezra alivaa suti yake ya mazishi. Uso wa binti yake ulipojaa kwenye pazia la sinema, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mama mmoja wa kanisani akageuka kumpa mzee hongera. Ezra aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa nyuma ya ule uso, kwenye mikono ya wachumaji.

"Magunia yako wapi?" aliuliza, kama mtu anayeulizia miwani yake.

Verlene alikuwa ameandaa majibu kadhaa. Lililotoka ni lile la kweli.

"Yalikuwa na kelele, baba."



"Kweli, mwanangu," akasema. "Yalikuwa na kelele."

Mkono wake wa kushoto ulipanda taratibu mpaka bega la kulia, ukatulia hapo. Kwenye pazia Verlene alikuwa bado anatabasamu, viganja vimejaa pamba, hana pa kuitia.