Vifaranga na Gari la Mzee Breki

Tangu kiharusi kimpige, Mzee Breki hakuendesha tena. Mkono wa kushoto ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Hata hivyo kila asubuhi alijikongoja hadi uani, akaketi kwenye gari lake kuukuu alilobebea abiria miaka mingi, akawasha injini na kuisikiliza inavyonguruma. Watoto walipomshauri aliuze, alinuna mpaka wakakoma wenyewe.

"Mwacheni na gari lake," mkewe aliwaambia.

Mkewe naye alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, kaiweka pembeni mwa jikoni. Siku vifaranga wake wa kwanza walipoanza kugonga maganda, umeme ukakatika, mchana kweupe. Akaifunika mashine kwa blanketi. Alipoona joto linazidi kushuka, akampigia simu binti yao, fundi umeme wa magari.

"Usiifungue, mama. Nakuja."

Binti alifika na inveta yenye ukubwa wa tofali. Akafungua boneti, akabana waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi, kisha akapitisha waya wa soketi dirisha la jikoni hadi kwenye mashine. Taa ya mashine ikawaka.

"Hii inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani," alieleza. "Ila lazima injini iwashwe mara kwa mara, la sivyo betri itakufa. Nani atakaa humu?"

Baba yake alikwisha kuingia, funguo mkononi.

"Mi... mimi."

Kwa furaha, mama akaona amchemshie dereva wake chai. Akachomeka birika la umeme palepale. Inveta ikapiga yowe, ikazima.

"Mama! Hiyo ni ya vifaranga, si ya hoteli!"

Garini kukatoka kicheko, kile cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi. Mama alibaki mlangoni na birika lake, machozi yakimlengalenga. Hakuwa amekisikia tangu mumewe apigwe na kiharusi.

Birika likachomolewa, mashine ikawaka tena. Mchana wote Mzee Breki aliwasha, akasikiliza, akazima. Binti alipotaka kumpokea zamu, alitikisa kichwa. Akaletewa chakula hukohuko.

Jua likielekea kuzama, mkewe alitoka mbio.

"Mume wangu, wanatoka! Wamelowa, wabaya hao, we acha tu!"

"Wa... wangapi?"

"Nitawahesabu vipi, wanakanyagana! Mayai mengine yamenyamaza, lakini hawa waliotoka wana fujo."

Akafungua mlango wa abiria, akaketi kando yake, akaushika ule mkono uliolegea. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Mzee Breki akamgeukia na kumkazia macho, kama alivyowakazia abiria wake enzi zile.

"Mkanda," alisema, neno limenyooka.

Mkewe akacheka, akauvuta mkanda, akaufunga.